Bibi Alipotaka Kusema

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, mama yake Chiriku alifunika cherehani, akaweka simu juu ya meza ya kukatia nguo na kumpigia Bibi. Bibi aliishi na mjomba katika nchi ambayo mama aliikimbia wakati wa vita, kabla Chiriku hajazaliwa. Chiriku alipewa jina hilo kwa kupenda maneno, lakini simu hiyo ikilia upande wa pili, yeye alikuwa bubu. Alikwisha kuzichoka habari za Bibi: nani alichomewa nyumba, nani alitoroka na nguo za mwilini tu, serikali ipi ilianguka na ipi ikaja.

"Si yamekwisha hayo?" alimnong'oneza mama yake.

"Kwako yamekwisha," mama alijibu. "Mwenzio mpaka leo anayaota."

Jumapili moja, simu ikiwa hewani, mteja alibisha hodi akitaka sare ya mwanawe ipunguzwe. Mama alitoka na futi yake shingoni. Nje, wenzake Chiriku walikuwa wakiruka kamba na kumwita.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema, "waliomuua babu yako walikuwa majirani zetu. Miaka yote nimefunga mdomo kwa kuwaogopa. Sasa wa mwisho wao amehama. Mwite mama yako, nataka kuwaambia nilimzika wapi, na..."

"Bibi, sikusikii! Mtandao unakatika!" Chiriku alisema, ingawa sauti ilikuwa safi kana kwamba wamo chumba kimoja. Akakata simu.

"Mbona mapema hivi?" mama aliuliza aliporudi.

"Mtandao mbaya, mama. Amesema tutaongea Jumapili ijayo." Akachomoka mbio.

Jumapili hiyo haikufika. Katikati ya wiki mjomba alipiga simu: Bibi alikuwa ameanguka jikoni. Kiharusi. Alisikia na kuelewa, lakini ulimi na mkono wa kulia havikufanya kazi tena.

Mama aliketi taratibu. "Kaburi la baba ndiyo basi tena," alisema. "Mimi na mjomba wako tulikuwa tumevushwa mpaka; mjomba alirudi vita vilipokwisha. Anayelijua ni bibi yako peke yake."

Chiriku alimsogelea. "Mama," alisema, "Bibi alitaka kusema. Jumapili ile. Mtandao ulikuwa mzuri. Mimi ndiye niliyekata."

Mama hakumpiga wala hakumgombeza. Alimtazama kama mtoto wa watu, kisha akageukia cherehani. Alishona mpaka usiku. Heri fimbo, Chiriku aliwaza.

Asubuhi alimfuata mama yake. "Bibi anasikia, mama. Tumuulize sisi. Kama ni ndiyo, abane mkono wa mjomba kwa ule mkono mzima."

Tangu hapo, kila jioni mama alimtajia sehemu za kwao, na Chiriku ndiye aliyeuliza. Kamba aliisahau. Ni karibu na mto, Bibi? Mkono ulilala. Ni upande wa kituo cha treni? Ukalala. Bibi alichoka upesi, na siku nyingine alisinzia kabla ya swali la pili.

"Ni nyuma ya tanuri la matofali?"

"Amebana!" mjomba alipaza sauti. "Tena kwa nguvu!"

Kesho yake mjomba alikwenda na panga, akafyeka majani. Kisha akapiga simu.

"Dada, nimeona marundo ya mawe. Yako mawili."

Mawili? Walitaja majina ya ndugu wote waliopotea, mmoja baada ya mwingine. Mkono wa Bibi haukubana. Alilia tu, akihangaika kufungua kinywa.

Chiriku alimwangukia mama yake. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe," mama alisema, macho yamemvimba. "Ulisema kweli, ukatafuta bila kuchoka, na leo baba yangu ana kaburi. Lakini yule mwenzake hana jina, na kwao huenda wangali wanamngoja. Ule uongo wako ulikuwa mdogo, mwanangu. Angalia ulichomeza. Mtu wako akitaka kukusimulia alikopita, msikilize angali na ulimi. Hakuna duka la kununua maneno yake baadaye."

Akamsogezea simu.

"Haya, mpigie. Mwambie habari za shule. Kusikia bado anasikia."