Karatasi ya Kalenda Niliyoichana

Umbea ule niliusikia dukani kwa muoka mikate, nikaenda nao nyumbani, nikalala nao na kuamka nao.

"Mama Irmgard," jirani yangu Ottilie alininong'oneza, "wanasema kuna msichana wa mtaa wetu anatembea na Myahudi. Karibuni jina lake litabandikwa kwenye sanduku la kioo."

"Msichana gani huyo?"

"Wewe ndo uniambie!" Akacheka, akachukua mkate wake, akaenda.

Sanduku hilo chama kilichotutawala, kilichowachukia Wayahudi, kililisimamisha uwanjani mbele ya kanisa. Humo walibandika gazeti lao na majina ya waliotaka waaibike. Agosti ile ya 1935 walikuwa wameshaanza kuwatembeza watu barabarani ili wazomewe.

Nyumbani niliitazama kalenda ya jikoni, ile ya kuchana karatasi moja kila siku. Nikafunua mbele. Kwenye Alhamisi, tarehe ishirini na mbili, palichorwa kichwa kidogo cha ng'ombe kwa penseli, na pembe zake mbili. Alhamisi iliyofuata, pembe tena.

"Irma, huyu ng'ombe ni nani?" nikamuuliza binti yangu Irmgard, aliyekuwa akimenya viazi.

"Ng'ombe tu, mama."

"Usinifanye mtoto. Kila Alhamisi saa sita mchana anakuja zizini kwetu Berthold Lindauer, yule Myahudi, kununua ndama."

Akaweka kisu cha viazi chini. "Basi ni yeye. Tunapendana. Mwezi wa tisa tunahamia Uholanzi kwa shangazi yake, tukaoane huko."

"Na mimi?"

"Twende wote! Berthold mwenyewe kasema. Anasema, 'Mama yako ananilalia kila mwaka kwenye bei ya ndama, lakini mchukue tu, nimeshamzoea.'"

Nilitaka kucheka. Nikalikumbuka lile sanduku la kioo.

Kesho yake nilikwenda kwa Kreutzer, mtu wa chama aliyechunguza nyumba za mtaa wetu.

"Kuna mtu anamsumbua binti yangu," nikamwambia. "Mtisheni tu, ahame."

"Jina?"

Nikalitaja.

"Una ushahidi, mama?"

Nikatoa kwenye aproni ile karatasi ya tarehe ishirini na mbili. "Ng'ombe huyu ndiye yeye. Hukutana zizini kwetu saa sita. Lakini binti yangu muacheni. Niahidi."

"Mama, kwani sisi wanyama? Binti yako ni damu yetu."

Mkewe akanifungia keki ya plamu nimpelekee Irmgard. Tuliila wote wawili. Irmgard akalamba vidole.

Alhamisi asubuhi akasimama mbele ya kalenda. "Mama, umeichana siku yangu!"

"Zilikuwa zimegandana."

"Haya, mwizi wa siku wewe," akanibusu, akaenda zizini na ndoo.

Saa sita watu wa chama waliwakamata wote wawili zizini. Berthold walimpiga mpaka kiatu kikamtoka, wakamtupa kwenye lori wakampeleka kambi ya wafungwa. Irmgard walimpeleka uwanjani, wakamnyoa nywele zote, wakamvika ubao shingoni: NILILALA NA MYAHUDI. Wakamtembeza kwa ngoma. Ottilie alipiga makofi. Watoto niliowauzia maziwa tangu wachanga walimtemea mate.

Walipofika chini ya dirisha langu, akainua kichwa.

"Mama! Shuka, mama!"

Nikavuta pazia.

Jioni alirudi peke yake, akakaa kwenye kiti cha jikoni.

"Leo tarehe ngapi, mama?"

"Ishirini na mbili."

"Kalenda inasema ishirini na tatu. Ishirini na mbili nimeiona uwanjani, ndani ya kioo, na ng'ombe wangu. Chini wameandika: Shukrani kwa mama mwema."

"Waliniahidi, Irma! Waliniahidi hawatakugusa!"

"Na Berthold? Yeye walikuahidi nini?"

Nikaanza kupangusa meza.

"Nilikuita. Ulinisikia?"

"Nilisikia."

Akafunga kitambaa kichwani, akachukua kikapu chake, akaondoka na treni ya alfajiri. Majira ya baridi ilikuja kadi moja kutoka Uholanzi: "Majivu ya Berthold yamemfikia mama yake kwa posta. Usiniandikie."

Vita vilipita. Irmgard sijui kama yu hai. Kreutzer siku hizi anaimba kwaya, na akiniona ananivulia kofia.

Mimi shule niliishia ya msingi, kwa hiyo naandika kama ninavyosema. Nyinyi wenye mabinti, epukeni haya:

Kubeba umbea wa dukani mpaka jikoni kwako.

Kumpa mtu wa chama jina la mwenzio, hata kwa kusema "mtisheni tu".

Kuamini kwamba watamchukua wa mwenzio na wako watamwacha.

Kula keki yao.

Kukaa nyuma ya pazia. Mwanao akikuita, shuka.