Lenzi Nzito na Lenzi Nyepesi

Kila alasiri baada ya masomo, Notburga wa darasa la sita alipitia studio ya picha ya shangazi yake Gaudiosa, karibu na stendi ya Mbinga. Alifuta vumbi, akapanga fremu, kisha akaomba kushika kamera. Wiki hiyo aliishika kwa wasiwasi. Shule ilikuwa imemchagua apige picha ya ngoro, yale mashimo ya kilimo yanayopamba milima ya Wamatengo. Picha bora katika mashindano ya wilaya ingeipatia shule tangi la maji, na wanafunzi wangeacha kupanda na ndoo kutoka bondeni kila asubuhi.

Shangazi alimwekea mezani lenzi mbili za zamani, za kurekebishwa kwa mkono. Ya toleo la kwanza ilikuwa na mwili wa chuma kitupu, nzito. Ya toleo la tatu ilikuwa nyepesi, na kioo chake kilimeta zambarau. Alimwambia azijaribu zote, kisha achague moja.

Notburga hakujaribu. Kwao kahawa humwagwa kwenye maji: nzuri huzama, mbovu huelea. Basi akazipima lenzi kiganjani, akachukua nzito. Kwa mwenzake Rodrick alijigamba kwamba ile nyepesi ni ya kuelea tu.

Jumatano alfajiri alimpiga picha bibi yake akilima ngoro, jua likichomoza mbele ya kamera. Picha ilipofunguliwa kwenye kompyuta ya shule, alinyong'onyea. Mwanga ulikuwa umetanda kama moshi wa jikoni, na mashimo hayakuonekana. Mwisho wa kupeleka picha ulikuwa kesho yake saa sita mchana.

Rodrick alilisingizia jua. Notburga angeweza kuitikia tu, yakaisha. Aliona aibu sana, lakini alimwambia Mwalimu Ildefonsi mbele ya darasa zima, "Mwalimu, jua halina kosa. Nilichagua lenzi bila kuijaribu."

Jioni ile, studioni kwa shangazi, alizielekeza lenzi zote mbili kwenye jua linalotua. Nzito ilififiza kila kitu. Nyepesi ilitunza rangi na vivuli. Alfajiri alirudi mlimani, akazungusha pete ya lenzi taratibu mpaka jembe la bibi likaonekana wazi, akabonyeza. Safari hii kila shimo lilikuwa na kivuli chake na mwanga wake.

Wiki tatu baadaye tangi lilishushwa shuleni kwa vigelegele. Notburga ndiye aliyefungua bomba kwanza, na furaha ilimjaa mpaka akacheka peke yake. Shangazi Gaudiosa alikuwepo, na ile lenzi nzito mkononi.

"Hii nayo si mbovu," alisema. "Kivulini inatoa sura nzuri sana. Kahawa tunaipima kwa maji, mwanangu, lenzi tunaipima kwa picha. Kila kitu kina kipimo chake. Nawe ulishinda siku ile ulipokiri kosa, maana ndipo ulipoanza kupima."

Kisha akaifunga lenzi hiyo kwenye kamera, akamkabidhi. Rodrick alikuwa amesimama kivulini, ndoo imejaa, akisubiri kupigwa picha.