Meza ya Biskuti ya Shangazi Gilda

Kila Jumamosi asubuhi Renata hushuka jikoni kumsaidia Bibi Filomena kusukuma unga. Jumamosi hii hapakuwa na unga wa kusukuma. Shangazi Gilda alikuwa anaolewa, na mashangazi, majirani na akina mama wa kanisani walikuwa wameshaoka. Mjini kwao Youngstown watu husamehe keki iliyoinama, lakini harusi isiyo na meza ya biskuti husemwa mpaka bibi harusi apate wajukuu.

Renata, binti wa miaka kumi na miwili, aliomba aipange meza hiyo peke yake, akakubaliwa.

"Za lozi zikae meza ya pembeni, na koleo lake la kuokotea," Bibi alimwambia walipofika ukumbini. "Nola, mpwa wa bwana harusi, ana mzio. Akionja lozi koo huvimba, hawezi kupumua. Umesikia, mama?"

"Nimesikia, Bibi. Tangu juzi unaniimbia hilo."

Alipanga kwa furaha, biskuti zikapanda kama vichuguu. Sinia la katikati tu ndilo lililopooza. Akachukua biskuti za lozi zenye umbo la mwezi mwandamo, nyeupe kwa sukari, akazizungusha ukingoni. Zitakaa pembeni tu, alijiambia.

Binamu yake Dario alipita amebeba viti. "We, hizo si za lozi?"

Renata akaitikia kwa kichwa.

"Zitoe upesi, nani atajua? Bibi akiziona, leo utabeba viti na mimi."

Renata akaondoa moja. Chembe za lozi zilikuwa zimebaki juu ya biskuti zilizokuwa kando yake. Nje milango ya magari ilikuwa ikifungwa. Wageni walikuwa wanaingia. Akisema, meza aliyoililia ingevunjwa mbele ya ukoo mzima. Akinyamaza, Nola angeweza kuokota biskuti inayoonekana safi.

Akamfuata Bibi. "Nimechanganya za lozi kwenye sinia la katikati."

"Koleo ulitumia lipi?"

Swali hilo hakulitarajia. "Hilohilo moja. Kwa zote."

"Basi si sinia, ni meza nzima," Bibi alisema, akivua miwani. "Kanawe mikono kwa sabuni. Mama yake Nola ameoka kwake masanduku mawili yasiyo na lozi, bado yamefungwa. Dario, lete meza ndogo na kitambaa kipya."

"Nilijua tu hili litanifikia," Dario alinung'unika.

Waliandika ubaoni, "Zote hizi zina lozi," wakausimamisha kwenye meza kubwa. Meza ndogo Renata aliipanga upya, kwa koleo jipya. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza Nola alipomjia na mama yake.

"Hizi naweza kula?"

"Zote za hapa. Meza ile kubwa usiiguse, niliichanganya mimi. Ila za chokoleti niachie."

"Wahi basi," Nola alisema, mdomo umeshajaa.

Muziki ulipoanza, Bibi alimvuta Renata kando. "Anayealika watu hujua kwanza nani hali nini, ndipo apambe. Wewe ulianza na mapambo, na hilo ni kosa. Lakini ulisema mapema, ukanijibu kweli hata nilipouliza la koleo. Ndiyo maana mtoto yule anacheza. Nenda nawe ukacheze."