Moshi wa Vyungu

Nusamoshi ilipaa kutoka kwenye mlingoti wake saa nne kasoro robo asubuhi, na watu mia mbili waliokuwa wameketi ukumbini Mbeya wakaiona kwenye kioo kikubwa ikipinda kuelekea Ziwa Nyasa. Ilikuwa ndegenyuki yenye ukubwa wa ungo. Pua yake ilinasa harufu ya moshi umbali wa kilomita thelathini, akili mnemba iliyokuwa ndani yake ikautazama na kuamua moshi huo ni wa nini, na tumboni ilibeba povubaridi, povu lililoweza kuzima tanuri la mkaa kabla mchomaji hajainua kichwa. Hakuna mtu aliyeiongoza. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake.

Subilaga Mwakisole alisimama kando ya jukwaa akiwaeleza wageni wa zile nchi saba zilizoingia ubia na serikali. Milima ya Livingstone ilikuwa imebaki vipara kwa ukataji wa miti, alisema, na sasa kila kata iliyokubali kulindwa na nusamoshi ingeletewa umeme wa upepo na mtandao, kuanzia zahanati. Umeme ungewashwa siku ileile ambayo mashine zingeanza kazi. Wageni waliitikia kwa vichwa, wameridhika.

Kisha kioo kikaonyesha ufukwe, na moshi mweupe, na mwanamke aliyejifunga kitenge cha kijani akisukuma nyasi kavu kwa mti mrefu. Subilaga akapatambua. Pale palikuwa Ipembe, kijijini kwao. Yule alikuwa mama yake, Tusekile, na chini ya zile nyasi kulikuwa na vyungu arobaini vilivyokwisha kuwa vyekundu kwa moto.

Povu lilishuka. Udongo wenye moto ukikutana na ubaridi wa namna ile hupasuka, na vyungu vilipasuka kimoja baada ya kingine, mvuke ukafumka. Tusekile hakukimbia. Aliinama, akaingiza mikono mitupu ndani ya mvuke ili aokoe alichoweza.

Mtu mmoja akatangaza kwamba moto umezimwa kwa sekunde thelathini na nane. Ukumbi ukapiga makofi. Kioo kilikuwa kimesharudi kwenye ramani.

Ni Subilaga aliyeifundisha nusamoshi. Kwa miezi kumi na mmoja aliionyesha picha za moshi: wa mkaa, wa shamba linalochomwa, wa jiko la nyumbani. Moshi wa vyungu ulifanana mno na wa mkaa, na kuutenganisha kungehitaji picha za msimu mzima. Annelie, mhandisi mgeni aliyefanya naye kazi, alimuuliza kama wasogeze mbele siku ya uzinduzi. Subilaga aliifikiria zahanati ya Ipembe, ambako mwaka ule wanawake wawili walikuwa wamefia uzazini chini ya mwanga wa simu. Akasema wafinyanzi wamebaki wachache, waendelee, vyungu vitaongezwa awamu ya pili.

Mama yake alipompigia simu kuuliza kama katazo la kuchoma mkaa linamhusu na yeye, alimjibu kwamba sheria haikutaja vyungu. Achome tu, naye atamtahadharisha mashine zikikaribia kuanza. Alikusudia kumpigia asubuhi ile ya uzinduzi. Wageni wakafika mapema.

Wabia hawakukwepa lawama. Walimleta Tusekile Mbeya kwa ndege, wakamlaza mbele ya mfumangozi, mashine iliyochukua chembe chache za mwili wake na kumfumia ngozi mpya kwenye mikono yote miwili. Baada ya wiki tatu bandeji zikafunguliwa. Mikono ilitoka laini, bila kovu wala ufa, kama ya msichana wa miaka kumi na mitano. Annelie alilia, akaomba radhi, na Tusekile akamshukuru kwa kumjali. Daktari ndiye aliyesema lililobaki. Ngozi ilikuwa imeshika vizuri, ila mishipa ya fahamu ya vidoleni na viganjani ilikuwa imeungua, nayo mashine ilikuwa haijajua kuifuma.

Walipobaki wawili wodini, Subilaga alisema, "Mama, waliniuliza kama wasubiri mpaka mashine ivijue vyungu. Mimi ndiye niliyesema wasisubiri."

Tusekile aliitazama mikono yake mipya. "Umeme umefika zahanati?"

"Umefika."

"Tangu ufike, kuna waliojifungua?"

"Watatu."

"Wazima?"

"Wazima, Mama. Na mama zao."

"Basi hapo ulisema vizuri," Tusekile akasema, kisha akageukia ukutani.

Subilaga aliomba likizo akamrudisha nyumbani. Siku ya pili tu mama aliketi uani, akaloweka udongo, akaanza kuinua ukuta wa chungu kama alivyofanya tangu usichana wake, akiuzunguka na kuusukuma kwa vidole. Ukuta ukalala upande. Akaukanda upya, ukalala tena. Mara ya tatu ulisimama, lakini hakuthubutu kuuendeleza. Akamwita binti yake, akamwambia apige magoti.

"Weka vidole hapa. Niambie, udongo umekaza kiasi cha kubeba shingo ya chungu, au bado?"

Subilaga akagusa. Udongo ulikuwa wa baridi, na ulikuwa na unyevu. Zaidi ya hapo hakuna kitu ulichomwambia. Alikuwa ameondoka Ipembe kwenda shule akiwa na miaka kumi na mmoja, na kila likizo mama yake alimfukuza uani akasome, asije akaishia kuchafuka matope.

"Sijui, Mama," akasema.

Tusekile akaweka kiganja chake kipya juu ya mkono wa binti yake, akaukandamiza taratibu kwenye udongo ili ajaribu tena. Mkono wa Subilaga ulikuwa ukitetemeka. Mama yake hakuhisi.