Mguu wa Tatu Unacheza

Uligeuza uso. Usitazame nyuma kutafuta nani anaambiwa, unaambiwa wewe. Sechelela aliposimama jukwaani ulikuwepo, umeketi na mwanao mapajani, na alipomaliza ulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Baadaye walipokuuliza ulisikia nini, ukasema mtoto yule alisoma vizuri sana. Basi kaa, leo usikie alichokisoma.

Ilikuwa Siku ya Familia katika shule ya msingi ya Chikonje, pembezoni mwa jiji la Dodoma, miaka ile jua lilipokuwa limeshakuwa kali kiasi kwamba mtoto hawezi kucheza nje mchana bila kufunikwa. Kilichowafunika ni paa-mwavuli: turubai pana la nyuzi za chuma lililosimama juu ya miguu sita, likijifungua lenyewe jua likipanda na kujikunja jua likizama. Uwanja mzima ulikaa chini yake. Juu ya geti ulielea ubao-hewa, herufi zake za rangi zikijiandika angani na kufutika: mbio za magunia, kuvuta kamba, ngonjera za darasa la pili, kuchorwa nyuso, chakula kwa familia yote, karibuni.

Sechelela, mtoto wa darasa la sita, alipanda kusoma risala. Mwalimu akamziba masikio kwa vizibo vidogo, ili sauti ya vipaza isimchanganye, kisha akamvisha kikombe cha sauti. Kikombe kile kilifunika mdomo wote na kumeza maneno ya mtoto yasitoke nje hata kidogo. Maneno yaliingia kwenye kinyoosha-sauti, mashine isiyozidi tofali, na papo hapo yakatoka kwenye vipaza sauti kwa sauti yake mwenyewe, ila yamenyooka. Hayakukwama wala kurudiwa.

Chini, safu ya mbele, mama yake alikuwa tayari anafuta machozi. Mhandisi Mwaja Ndahani ndiye aliyeibuni mashine ile.

Aliibuni kwa sababu moja tu. Sechelela alipokuwa darasa la pili alipewa ubeti wa ngonjera, ubeti mmoja, akaukariri nyumbani mpaka kuku wakaujua. Jukwaani akakwama kwenye neno la kwanza. Sh-sh-sh. Wazazi wakaanza kucheka, wengine wakikohoa kuficha kicheko. Ndipo mshereheshaji akasema, "Jamani, mpigieni makofi aketi." Unayajua makofi yale. Yanamwambia mtu imetosha, shuka. Mtoto akashuka. Tangu siku ile akawa anaongea kwa kutikisa kichwa, na Mwaja akajifungia karakanani kwake kama mtu anayetafuta dawa.

Mashine ilipokamilika, Bwana Chidosa alikuja. Huyu ni mwenyekiti wa Kamati ya Shamrashamra ya Jiji, kamati inayopanga kila tamasha la shule na kila bonanza la mtaa. Aliisikiliza mashine, akatikisa kichwa kwa kustaajabu.

"Mhandisi, hiki kitu kiende shule zote," alisema. "Kila mtoto mwenye kigugumizi asimame aongee. Ila na sisi tuongezee kidogo. Kiondoe na matusi. Si unajua watoto wa siku hizi?"

Mwaja akaongeza. Mwaka uliofuata Chidosa akarudi kuomba kiondoe pia lugha ya kukatisha tamaa, maana familia zinakuja kupumzika. Mwaja aliuliza lugha ya kukatisha tamaa ni ipi hasa. "Ah, wewe unajua," akajibiwa. Hakujua. Lakini shule nyingi zilikuwa zinasubiri, na watoto wengi walikuwa wanatikisa vichwa kama wake, akaona kubishania neno moja ni kuwachelewesha. Akaongeza na hilo.

Wenye kumbukumbu wanakumbuka. Zamani mtoto wa shule akisoma risala mbele ya mgeni rasmi alisema, "Pamoja na mafanikio hayo, tuna shida zifuatazo." Wakubwa wakaona shida ni neno baya, yakaja matatizo. Matatizo nayo yakawakera, zikaja changamoto. Changamoto zikakaa miaka mingi, choo kikiwa changamoto, dawati changamoto, njaa changamoto, mpaka nazo zikachosha masikio ya waheshimiwa. Kila neno lilipobadilishwa tulikuwepo. Tulisema ni neno tu. Kinyoosha-sauti hakikuanzisha kitu kipya, kilimalizia kazi yetu.

Sechelela akasoma. Mgeni rasmi alikuwa Chidosa mwenyewe, na vipaza sauti vikamwimbia:

"Ndugu mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo, tunalipenda paa letu. Mguu wake wa tatu unacheza. Upepo ukivuma, nao unacheza pamoja nasi!"

Uwanja ukaangua kicheko. Chidosa alicheka mpaka akashika tumbo. "Huyu mtoto mshairi!" alimwambia Mwaja. "Mguu unacheza! Umemsikia?"

"Nimemsikia," Mwaja alisema, na machozi yakazidi. Hakuna mama aliyewahi kuona fahari kama aliyoiona yeye pale. Neno kwa neno, bila kukwama. Makofi yakapigwa, nawe ukapiga.

Mchana wazazi walihamia nyuma ya madarasa, kwenye mahema ya chakula, ambako roboti-wapishi walikuwa wanapakua pilau. Watoto wakabaki uwanjani na michezo. Ili wazazi wasipitwe na furaha, Kamati ilikuwa imetundika vikombe vya sauti vya mashine ileile kwenye nguzo za uwanja na vipaza sauti kwenye mahema, hivyo ungeweza kula huku ukisikia wanao wakicheza. Mwalimu mmoja alibaki nao, na hata yeye akavuka kidogo kuchukua sahani.

Vigelegele vikapanda.

Vilipanda ghafla, vingi, virefu, vipaza sauti vikatetemeka. Mwanamke aliyekaa karibu na Mwaja akaweka kijiko chini akitabasamu. "Sikia wanavyofurahi! Darasa la kwanza watakuwa wameshinda kamba."

Kisha ikaja sauti ya Sechelela, safi, imenyooka. "Njooni! Njooni mtuone! Njooni, Mama!"

"Mwanao anakuita, mama Seche."

"Tunakuja!" Mwaja alipaza sauti, mkono mmoja juu, mdomo una pilau. "Tunamalizia kula, tunakuja!"

Watu wakacheka. Vipaza sauti vikaendelea kuita, njooni, njooni, kwa uchangamfu uleule, na hema zima likaendelea kula. Roboti mmoja akapita akiuliza nani aongezewe kachumbari. Hatimaye baba mmoja alikwenda na kamera yake ili apige picha za washindi. Alirudi bila kamera. Alisimama mbele ya mahema akionyesha uwanjani kwa mkono.

Mguu wa tatu ulikuwa umeachia. Upepo uliingia chini ya turubai, ukalinyanyua, likarudi chini na vyuma vyake upande wa wanaovuta kamba. Watoto wakubwa walitupa kamba wakakimbia. Wa mwisho kwenye kamba alikuwa Nyemo wa darasa la kwanza, mtoto wa jirani yake Mwaja, mnene kidogo, mcheshi, ndiyo maana walimpa nafasi ya nanga. Na nanga huzungushiwa kamba kiunoni, akafungwa fundo ili asiachie. Hakuweza kukimbia.

Sechelela alikuwa amepiga magoti, mkono wa Nyemo mkononi mwake, mdomo wake ameubandika kwenye kikombe cha nguzo. Alikuwa bado anaita. Pale karibu, bila mashine katikati, Mwaja aliisikia sauti halisi ya mwanawe, imekatika vipandevipande, ikipambana na kila neno. "N-njo-njooni. A-amebanwa. Ana-anapumua. Njo-njooni." Juu ya mahema, nyuma yao, ile sauti nyingine ilikuwa inawakaribisha watu wakatazame.

Nyemo hakuwa anapumua tena. Daktari alisema baadaye kwamba angefikiwa mapema angepona. Alisema kwa upole, kama mtu anayeweka kitu kizito mezani polepole, kisha akaondoka.

Baada ya mazishi Sechelela alikaa jikoni akimenya njegere. Alimenya zote, akabaki anazigeuzageuza kwenye bakuli.

"Mama," alisema. Ilimchukua muda. "Mi-mimi nilisema."

"Ulisema nini, Seche?"

"Jukwaani. Nilisema mguu wa t-tatu unacheza. Nati zimelegea. Nikasema upepo ukivuma u-unaachia. Tunaogopa. Nikasema ha-hatutaki kucheza chini yake mpaka fundi aje."

"Hapana, mwanangu. Nilikusikia mwenyewe. Ulisema unacheza..." Neno likamgeukia Mwaja mdomoni. Unacheza. Kama jino linavyocheza kabla ya kung'oka. Kama gurudumu linavyocheza kabla ya kuchomoka. Mashine ilikuwa imelichukua neno lilelile la mtoto, ikalipangusa hofu, ikalipeleka ngomani.

"Walipiga makofi," Sechelela alisema. "Nilikuwa na vizibo ma-masikioni, lakini niliwaona. Wewe ulikuwa unalia. Nikajua mmesikia. Michezo ilipoanza nikajua basi, wa-wameshalitengeneza, wakubwa wamesikia." Akalisukuma bakuli. "Nyemo alikuwa anaogopa, Mama. Mimi ndiye niliyemwambia aende. Mimi ndiye ni-niliyemfunga fundo."

Mwaja alimkumbatia, akatafuta la kumwambia, na kila alilolipata lilikuwa limenyooshwa. Akaacha. Alijuta kwa namna isiyokuwa na machozi, majuto makavu kama kula majivu. Alikuwa amempa mwanawe sauti ya watu wengine, akaizika ya kwake, kisha akaipigia makofi kaburini.

Kesho yake alikwenda kwa Chidosa.

"Izimeni," alisema. "Shule zote."

Chidosa alikuwa na huzuni ya kweli, asisingiziwe. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mhandisi, ule ulikuwa upepo. Tume ya uchunguzi imesema upepo. Mguu umechomelewa upya, paa limepakwa rangi."

"Nani amelikagua?"

"Limepakwa rangi, nimekuambia."

"Kaka, watoto walisema. Mashine yangu iliwaziba."

"Mashine yako?" Akatabasamu kwa uchovu. "Mama yangu, si yako tena. Ni ya wazazi. Tuliwauliza wote kwenye simu zao: risala isomwe mbichi au iliyonyooshwa? Unataka kujua walivyobonyeza?" Hakungoja jibu. "Mtu amefanya kazi wiki nzima. Jumamosi amewabeba watoto, amekuja apumzike, ale, aone mwanawe anaruka na gunia. Unataka aambiwe nati zimelegea?"

Na wewe uliulizwa. Ujumbe uliingia ukiwa kwenye foleni, au unapika, au umelala chali unaangalia mpira. Ulibonyeza. Hukusoma mpaka mwisho.

Ubao-hewa juu ya geti ukaanza kuandika upya. Jumamosi: mbio za magunia, kuvuta kamba, ngonjera za darasa la pili, dakika moja ya kumkumbuka mwenzetu, chakula kwa familia yote, karibuni. Risala: Sechelela Ndahani, kwa maombi ya wazazi wengi.

Ndiyo leo. Mahema yapo. Pilau linanukia. Paa-mwavuli limejifungua, linang'aa kwa rangi mpya ya buluu, na chini ya rangi hiyo, upepo mdogo unapopita, kuna kitu kinagonga. Tk. Tk. Kamba imeshalazwa uwanjani, na watoto wa darasa la kwanza wanagombania nani awe nanga.

Sechelela amepanda jukwaani. Mwalimu amemletea kikombe, naye amekishika, amekitazama, amekiweka chini. Amevitoa vizibo masikioni akavipanga juu yake. Chidosa amenyanyuka nusu kwenye kiti. Mwaja yuko safu ya mbele, mikono ameikalia ili isimsaliti.

"N-n-ndugu m-mgeni rasmi," mtoto anasema, kwa sauti yake, ndogo, isiyofika hata safu ya nne. "Pa-pamoja na ma-ma..."

Amekwama. Mishipa ya shingo imemsimama. Nyuma kuna anayekohoa. Kuna anayecheka puani. Mshereheshaji ameshachukua kipaza sauti chake, anatabasamu kwa huruma. "Jamani," anasema, "tumpigie makofi mwenzetu a..."

"Asikae!" Mwaja amesimama. Ni mmoja tu aliyesimama. "Muacheni amalize!"

Makofi yameanza safu za nyuma, yale yale, ya upole, ya kuketisha mtu. Yanakuja mbele. Sechelela amefumba macho na bado anasukuma. "M-m-mguu wa ta..."

Wewe uliye nyuma, viganja vyako viko wapi? Viteremshe. Mshike mkono aliye kando yako, naye avishushe vyake. Weka hiyo sahani chini, nyanyuka, sogea mbele mpaka sauti ya huyu mtoto ikufikie, ichukue muda wowote itakaouchukua, na asiende mtoto hata mmoja kwenye ile kamba kabla hajamaliza sentensi yake. Nyanyuka sasa. Anasema.