Gari Lililokosa Pumzi

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe kumi na saba, saa nne na robo asubuhi. Chiriku anaikumbuka saa hiyo vizuri kwa sababu alikuwa ameshika saa ya Babu, akihesabu dakika kwa sauti. Alipofika ishirini na mbili, taa nyekundu iliwaka mbele ya usukani, na gari likazimika kama mtu aliyekata kauli.

"Limeshindwa," alisema mkaguzi wa ofisi ya umeme, akaandika kwenye fomu yake.

Chiriku alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na Babu kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Likizo zote alizimalizia gerejini kwa Babu, na tangu Bibi afariki, yeye ndiye aliyekuwa akisikiliza lawama za mzee huyo. Kila asubuhi Babu alikunywa chai akiwa amesimama, akibishana na redio.

"Wakubwa hao!" angesema. "Wakikuahidi kwamba umeme hautakatika, wewe tafuta mshumaa."

Lakini mikono ya Babu ilikuwa na akili. Gari lile lilikuwa la haibridi, yaani lina injini ya petroli na mota ya umeme. Zamani lilijichaji lenyewe tu, likiwa barabarani. Babu aliliongezea betri kubwa kwenye buti, akaliwekea na plagi.

"Sasa linakula ukutani kama simu," alimweleza Chiriku. "Na likishiba, linaweza kuurudisha umeme kwenye nyaya, wengine nao wale."

Mwenye gari alikuwa Mkunga wa zahanati iliyo ng'ambo ya barabara. Umeme ulipokatika mama akiwa anajifungua, Mkunga alifanya kazi huku ameing'ata tochi kwa meno. Gari lile lingeiangazia zahanati. Ila ilitakiwa kibali, na kibali kilitaka jaribio: gari limimine umeme kwenye nyaya saa nzima bila kuzimika. Mkaguzi alikuwa amengojewa miezi saba.

"Ombeni upya," alisema mkaguzi akifunga mkoba. "Foleni ni ileile."

"Umeme wenu ndio mchafu, unapanda na kushuka!" Babu alifoka. "Umeiunguza betri yangu!"

Mkunga aliutazama ufunguo mkononi mwake, akamrudishia Babu, akavuka barabara taratibu.

Chiriku alikuwa bado ameikodolea macho saa.

"Wewe vipi, umemeza kufuli?" Babu alimuuliza.

Alasiri Babu alitoa karatasi. Shule aliiacha darasa la nne, na mwandiko wake ulikwenda upogo kama kaa, kwa hiyo barua zake aliziandika Chiriku.

"Andika. Kwa Mkurugenzi. Mimi ni fundi, raia mwema, ninayelipa kodi. Umeandika kodi? Ipigie mstari. Mkaguzi wenu ameliua gari kwa makusudi, kwa umeme mchafu…"

Kalamu ilisimama.

"Wino umekwisha?"

"Hapana, Babu."

"Basi ni mkono uliokwisha?"

Chiriku aliiweka kalamu chini. "Babu, kabla sijaandika hapo, njoo ulione gari."

Alifungua mlango wa nyuma. Pembeni mwa kiti palikuwa na tundu pana, ambamo feni huvuta hewa ya kuipoza betri. Ndani yake lilikuwa limeshindiliwa sweta.

"Jana nilikuwa nasoma hadithi humu, ulipokuwa unalichaji," alisema Chiriku. "Feni ilinipigia kelele, nikaiziba. Kisha nikasahau. Taa ilipowaka leo nikakumbuka, lakini nilipoutazama uso wako…" Machozi yalimtoka.

Babu alilivuta sweta. Alikaa juu ya tairi, akaligeuzageuza magotini.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu, Babu."

"Kwa hiyo barua ingekwenda, na hakuna ambaye angejua."

"Ndiyo, Babu."

Mzee alishusha pumzi. "Nami ilikuwa inaninogea barua hiyo!" Akaichukua, akaichana vipande viwili, kisha vinne.

Kesho yake walikwenda kwenye dirisha la wateja la ofisi ya umeme. Miaka mingi Babu alilifuata dirisha lile kwa ugomvi tu. Safari hii alivua kofia.

"Mwanangu," alimwambia mkaguzi, "kosa ni letu. Gari tuliliziba pua."

Chiriku alilionyesha sweta. "Ni mimi, mjomba. Naomba unisamehe."

Mkaguzi alicheka hadi akavua miwani. "Mzee, miaka kumi na moja nakagua. Wanaoshindwa wote huniambia umeme ni mchafu."

Babu alikohoa.

"Foleni ni ya wanaoomba upya," alisema mkaguzi. "Ninyi mtamalizia jaribio lenu. Jumatatu nitapita."

Jumatatu Chiriku alishika saa tena. Dakika ya ishirini na mbili ilipita, kisha ya arobaini, feni ikivuma na Babu akiuma kucha. Dakika ya sitini mkaguzi aligonga muhuri. Mkunga alimkumbatia Chiriku, akamnyooshea Babu mkono. "Fundi, nipe ufunguo. Chumba cha pili kuna mama ambaye mtoto wake hangoji hotuba."

Jioni ile Babu na mjukuu wake walikunywa chai mlangoni.

"Sikiliza, Chiriku wangu," alisema Babu. "Kosa la sweta lilikuwa la kusahau, nani asiyesahau? La kunyamaza ndilo lingetumaliza. Ukificha kosa, fundi atatafuta ugonjwa mahali usipokuwepo. Ningeifumua betri nzima, na ningemchafulia jina mtu asiye na hatia. Anayesema mapema amekwisha kufanya nusu ya matengenezo. Nami nimejifunza. Si kila giza limeletwa na ofisi."

"Si kila giza, Babu?"

"Mengi. Lakini si yote."

Hapo hapo umeme ukakatika mtaa mzima. Madirisha ya zahanati peke yake ndiyo yaliyobaki na mwanga, na kilio chembamba cha mtoto mchanga kikasikika. Redio ya betri ilitangaza kwamba kumetokea hitilafu, ikapiga muziki. Haikusema ni kosa la nani.

Chiriku aliweka kikombe chini. "Babu, sisi tulikwenda dirishani kwao, tukasema kosa ni letu. Wao wakikosea, huwa wanakwenda dirisha la nani?"