Saa Tisa na Dakika Moja

Nola Tregenza hakuwa na beji wala gari wala shahada ya sheria, na baada ya miaka sita ya kukagua bila mshahara hospitali ile ya wagonjwa wa mahakama, watu waliovunja sheria wakiwa wagonjwa wa akili, nje ya Sydney, hakuwa na subira tena.

Jumatano ya Desemba, saa nne asubuhi, alikuta karatasi ngeni katika jalada la Warwick Pascoe. Muda wa Warwick ulikuwa unaisha Ijumaa. Alhamisi, siku moja kabla, jaji angeamua kama aendelee kuwa mgonjwa wa mahakama kwa miaka mitatu zaidi. Karatasi ilisema: *Jumanne, Novemba 4, saa tisa na dakika moja alasiri. Ukumbi kimya, televisheni imezimwa. Mgonjwa alitishia kunimwagia maji ya moto.* Mwandishi: Graeme Voss, msimamizi wa wodi. Shahidi: Sione Fifita, muuguzi.

"Nikikana, wanaandika nakana," Warwick alisema Nola alipomwonyesha. "Nikinyamaza, wanaandika nimenyamaza. Nifanyeje, Nola?"

Sione alikuwa jikoni akipaka mkate siagi.

"Sahihi hii yako?"

"Yangu."

"Basi ulimsikia."

"Sikusikia kitu, mama."

"Usinichoshe, Sione."

"Tunasaini fomu tupu Jumatatu, wote. Zamu ikiisha nani anataka kubaki kuandika? Msimamizi hujaza."

"Mnasaini tupu. Humu. Mungu nipe nguvu. Na Warwick siku hiyo?"

"Novemba nne si mbio za farasi za Melbourne? Tulikuwa wote ukumbini na kofia zetu za magazeti. Yeye kando yangu, anamtukana farasi aliyemchagua."

Nola alijiona mjinga. Jumanne ya kwanza ya Novemba, saa tisa kamili, nchi nzima huacha kazi itazame mbio. Alikwenda getini, akasoma kitabu cha kuingia na kutoka, kisha akapanda ofisini kwa Voss.

"Graeme, saa tisa na dakika moja farasi walikuwa bado wanakimbia. Aliyezima televisheni angepigwa viatu."

"Labda nilikosea saa."

"Ulitoka saa sita, ukarudi saa kumi na moja. Getini wameandika."

Voss alivua miwani. "Nilichagua tarehe yoyote tu. Yule tuliyemwachia mwaka jana alimchoma kisu binti wa dukani. Siku tisa nilihojiwa mahakamani, na mama wa binti ananitazama. Huyu akibaki ndani, hakuna atakayeniita."

"Sasa utaitwa. Mwandikie jaji."

Voss aliandika kwamba huenda palikuwa na hitilafu. Nola akaichana. Voss akaandika kuhusu uzito wa kazi. Nola akamrudishia.

Barua ya tatu ilisema: *Niliitunga. Sikuwepo. Fifita alisaini fomu tupu.*

"Na Warwick akitoka akamdhuru mtu?" Voss aliuliza.

"Jaji atapima hilo. Apime kwa yaliyotokea."

Voss aliikunja barua, akaitia katika bahasha. Nola aliilamba gundi, akaibana kwa kiganja, akashuka nayo mwenyewe. Saa nane na nusu dereva wa hospitali aliipokea, akaondoka nayo kwenda mahakamani.